Shajara ya mtoto anayesomea nyumbani: kalamu nyekundu ibaki kwenye droo

Mzazi anayesomesha watoto nyumbani hapa Nairobi huishi na maswali. Babu anauliza, jirani anauliza, maalim wa duksi (chuo cha Qur'ani) naye anauliza: "Sasa hawa, kuandika wanajua?" Basi daftari la shajara linanunuliwa haraka. Wiki mbili baadaye limejaa sentensi moja inayojirudia, "Leo nimeamka, nimeswali, nimepiga mswaki, nimekunywa chai," na wiki ya tatu kurasa ni tupu. Mara nyingi mtoto si mvivu. Kinachoiua shajara ni swali pana mno na mzazi mwenye kalamu nyekundu.

Tuanze na kalamu. Shajara haisahihishwi, hata mtoto akiandika "kitabu yangu", "zambi" badala ya "dhambi", au "apo" bila h. Anayesahihishwa kila mstari hujifunza upesi kuchagua maneno asiyoweza kuyakosea. Alitaka kusema kwamba moyo ulimdunda alipopotezana na mama pale Eastleigh, lakini anaandika "niliogopa", anaweka nukta, anafunga daftari. Tahajia ikawa sawa, kisa kikapotea.

Makosa yatapata siku yake, mahali pengine. Wiki nzima soma kimyakimya zile kurasa ulizoruhusiwa kusoma, na uweke kando makosa matatu yanayorudi. Jumatatu tunga imla ya sentensi nne zenye maneno hayo, isome polepole mara mbili, mtoto aandike kwenye daftari jingine. Kisha mpe sentensi zako azilinganishe na zake na ajisahihishe mwenyewe. Matatu yanatosha. Ukimtolea kumi na tano hatakumbuka hata moja. Sheng nayo iache ndani ya shajara. Ipigwe marufuku kwenye insha na barua ya bibi.

Vifaa ni vichache. Daftari liwe A5, kurasa 96, lililoshonwa katikati. La waya hukwama mkononi, hasa kwa mtoto wa mashoto, na kurasa zake hunyofoka kirahisi mtoto akikasirika. Kurasa 200 zinatisha: mtoto wa miaka minane haoni mwisho wake. Penseli iwe HB, maana 2B huchafua ukurasa kila kiganja kinapopita. Kifutio kiondoe mezani kabisa. Mtoto mwenye kifutio hutumia nusu ya muda wake akifuta herufi moja, kwa hiyo mfundishe kukata kosa kwa mstari mmoja na kuendelea. Wa mashoto muache aandike kwa mkono wake. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia haikugusa penseli. Mwinamishie tu daftari kidogo kuelekea kulia.

Watoto wetu huandika kutoka pande mbili, na daftari moja linaweza kubeba zote. Jalada la mbele lifungue Kiswahili na Kiingereza, jalada la nyuma lifungue Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Pande mbili zitakutana mahali fulani katikati. Aya na dua zikae upande wa Kiarabu tu, ili iwe rahisi kujua kurasa zipi zinahitaji heshima zaidi. Juu ya kila ukurasa ziandikwe tarehe mbili, ya kawaida na ya Hijria. Hapa ndipo wengi hukosea: siku ya Kiislamu hugeuka jua likizama. Anayeandika Alhamisi baada ya Magharibi tayari yuko usiku wa Ijumaa, kwa hiyo tarehe ya Hijria inapanda moja na ile nyingine inabaki.

Wakati mzuri kwangu ni baada ya Magharibi kabla ya Isha. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na Magharibi haihami sana mwaka mzima: huchezea takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Saa ya kuandika basi inajiweka yenyewe, bila kengele wala ugomvi. Dakika kumi zinatosha kwa wa miaka saba hadi tisa, sentensi tatu hadi tano. Akitaka kuendelea, aendelee. Wa chini ya hapo achore, aseme sentensi moja, nawe uiandike kama alivyoisema bila kuipamba, halafu anakili neno moja au mawili. Wa miaka kumi na zaidi aandike nusu ukurasa, na mara mbili kwa wiki ukurasa mzima.

Sasa swali. "Andika kuhusu siku yako" ndilo linalozaa mswaki na chai. Uliza kitu kidogo chenye mipaka. Unasikia sauti zipi dirishani dakika tano kabla ya adhana? Muuza miwa anamenya vipi, hatua kwa hatua, mpaka vipande viingie mfukoni? Mama alisema nini leo ambacho hukukubaliana nacho? Watoto wakikopeshana shilingi 20, waandikiane deni: nani, kiasi gani, siku ya kulipa, mashahidi wawili. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu hilo hilo la kuandika madeni. Mtoto ataielewa vizuri zaidi akiwa yeye ndiye anayedai.

Ila chemchemi isiyokauka ni kutazama, na dini yetu imejaa mambo ya kutazama. Mwambie achore mwezi mwandamo akiwa ndani, kabla hajauona. Wengi watachora mwezi uliosimama, kama ule wa juu ya kuba. Jioni ya tarehe 29 ya Hijria pandeni juu ya paa la fleti, mtazame magharibi pale jua lilipozama. Usipoonekana, rudini kesho yake. Mwezi wetu wa ikweta mara nyingi umelala chali kama jahazi, pembe zikiangalia juu. Hapo mtoto ana michoro miwili inayopingana, na la kuandika anakuwa nalo. Usiku unaofuata, saa ile ile, mwezi utakuwa juu zaidi. Andikeni kila siku hadi tarehe 14 au 15, utakapochomoza mashariki karibu na Magharibi. Juni hadi Agosti mawingu ya Nairobi huharibu zoezi hili. Hata hivyo, "Leo wingu, sikuona" ni maandishi halali, na ni ya kweli.

Kivuli nacho kina raha yake. Simamisha wima rula ya sentimita 30 kwenye baraza na upime kivuli kila dakika kumi kuanzia saa sita na robo mchana. Kikifika ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka, Adhuhuri imeingia. Mwishoni mwa Juni ufupi huo utakuwa kama sentimita 14, kivuli kikielekea kusini. Mwishoni mwa Desemba ni kama 12, kikielekea kaskazini. Katikati ya Machi kivuli karibu kipotee kabisa. Kwa madhehebu ya Shafi, Alasiri huingia kivuli kikifikia urefu wa rula pamoja na ule ufupi wa mchana, yaani kwa Juni kama sentimita 44. Kosa la kawaida ni rula kuinama: egemeza kitabu kando yake na uangalie kwa pembemraba. Mtoto aandike vipimo, kisha sentensi mbili za alichokitarajia na alichokiona.

Ukitaka kuwatoa nje, wapeleke mjini Banda Street. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, iko jirani na Msikiti wa Jamia. Wasimame mahali pamoja, waandike nguzo na simba wa mawe wa maktaba, kisha wageuke waandike kuba na minara. Dakika kumi na tano kila upande, marufuku neno "zuri".

Kuna jambo ambalo wazazi wa Kiislamu hulikosea kwa nia njema kabisa: kugeuza shajara kuwa jedwali la swala. Alfajiri tiki, Adhuhuri tiki. Baada ya siku chache mtoto anatia tiki za swala asizoswali, kwa sababu anajua nani atasoma. Umemfundisha kuandika uongo, tena katika jambo la ibada. Mkihitaji jedwali, libandikeni kwenye friji.

Na mkubaliane mapema juu ya usiri. Ukurasa uliokunjwa kona haufunguliwi na mtu, wewe ukiwemo. Ukimchungulia mara moja akagundua, kuanzia hapo atakuandikia wewe, si nafsi yake. Upande wake naye, asiandike aibu za ndugu zake kwa majina. Ghiba haigeuki halali kwa kuwa imeandikwa. Akiwa na hasira na kaka yake, aandike alivyohisi yeye na atakalofanya. Usalama ni suala jingine: mweleze waziwazi kwamba akiumizwa na mtu yeyote, hilo aje aliseme kwa mdomo, lisingoje ukurasa.

Akiacha wiki nzima, usimdai siku zilizopita. Aandike tarehe ya leo na aendelee. Ramadhani punguza hadi mistari miwili. Daftari likijaa, andika namba na tarehe mbili kwenye mgongo wake, uliweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, mbali na ukuta wenye unyevu wa masika. Ukurasa wa Kiarabu ulionyofoka usitupwe kwenye pipa la taka. Uchome au uuzike mahali pasipokanyagwa.