Tetere wa kwanza hatukumla

Tetere wa kwanza aliyeangushwa na mwanangu hatukumla. Tulimfukia chini ya mdimu nyuma ya banda la Baba Mkubwa, na mpigaji mwenyewe akakaa pembeni kavimba mashavu kama bunju.

Ana miaka 8. Nyumbani tunamwita Msumari kwa wembamba wake. Dada yake ana 11. Wote wamekulia Mjini, kwenye majumba ya Michenzani, na ndege wanayemjua vizuri ni kunguru, yule anayetua kwenye kibaraza na kukuangalia kama unamdai. Likizo ya Juni mwaka huu nikaona basi, nikawapakia kwenye gari ya 310 ya Makunduchi, tukashuka Muyuni na mkoba mmoja wa nguo na kilo tano za mchele.

Tunapaita "shambani", lakini mtu wa Mahonda au Donge akipaona atacheka. Ni uwanda wa mawe. Tumbawe limesimama ncha juu kama meno ya papa, udongo umo kwenye mashimo tu, na humo ndimo unamochomeka muhogo au tungule. Mpaka wetu ni bigili aliyoipanga babu yangu, jiwe juu ya jiwe bila hata kiganja cha chokaa, kuzuia nguruwe wasiingie kwenye mihogo. Kwa sheria ardhi yote ya Zanzibar ni ya Serikali, lakini muulize mtoto yeyote pale ule uwanda wa nani, atakutajia ukoo wetu mpaka kizazi cha nne.

Baba Mkubwa alikuwa msasi. Si wa manati, wa nyavu. Enzi zao walitoka watu kumi na zaidi, nyavu begani, mbwa mbele, wengine wakipiga kelele upande huu na wengine wamejibanza kimya upande wa pili. Siku hizi magoti hayamruhusu, na mbwa wake wa mwisho kafa zamani. Lakini nilipomwambia nimekuja na wajukuu zake wajifunze kuwinda kidogo, aliinuka mkekani bila kushika ukuta.

Siku ya kwanza yote ilikwenda kwenye manati. Panda aliikata yeye kwenye mpera, maana mpera haupasuki. Mipira tukaikata kwenye tyubu ya baiskeli iliyotoboka, na kipande cha ngozi kikatoka kwenye kubadhi langu bovu. Risasi zetu zilikuwa komwe. Kokoto za tumbawe zina pembe, ukizirusha hupinda njiani. Komwe ni ya mviringo, ngumu, inakwenda unakoituma. Bao la Baba Mkubwa lilibaki na mashimo matupu wiki nzima.

Msumari alipiga makopo mpaka giza likaingia. Asubuhi ya pili akampiga tetere kwenye tawi la mkwaju, hatua kama kumi na tano, akaanguka kama jiwe. Nilipiga ukelele kumshinda yeye.

Baba Mkubwa akaja taratibu, akamwokota, akamgeuza kiganjani. Shingo imelala. Damu hakuna hata tone.

"Umelenga, mjukuu wangu. Lakini huyu kafa kwa kipigo. Hakukatwa, hakuchomwa. Huyu mauquudha."

"Lakini nilisema Bismillahi!"

"Umesema, na thawabu yako unayo. Nyama huna."

Akamkalisha juu ya jiwe, akamsomea aya ya tatu ya Al-Maida, akamfafanulia kwa vidole: aliyenyongeka, aliyekufa kwa kupigwa, aliyeporomoka, aliyepigwa pembe, wote hao hawaliwi, isipokuwa umemuwahi yu hai ukamchinja. Msumari akasikiliza kavimba vilevile. Dada yake ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi, na miaka yangu yote ya chuo cha Kurani, sijawahi kuliuliza: "Na mbwa wako, Babu? Si walikuwa wanauma mpaka mnyama anakufa?"

Baba Mkubwa akacheka. Akasema aya inayofuata ndiyo yenye jibu. Mbwa aliyefunzwa, ukamtuma kwa jina la Mungu, akakukamatia wewe na si tumbo lake, windo lake linaliwa hata likifa mdomoni mwake. Akilitafuna, muachie, kajiwindia mwenyewe. "Huyo amefunzwa. Komwe imefunzwa nini?"

Akaongeza ile hadithi ya Mtume kukataza watu kurusha vijiwe, kwa sababu haviwindi windo wala haviumizi adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Hapo akaachama, akawaonesha pengo lake la mbele. Mimi nimeliona pengo lile tangu utoto nikidhani ni uzee. Kumbe ni manati ya marehemu baba yangu, walipokuwa wadogo, palepale kwenye bigili ile.

Kwa hiyo manati ikatundikwa, tukahamia kwenye tanzi. Na hapa nataka nieleze, kwa sababu nimeona watu wakitega ovyo wakajiita wawindaji.

Tanzi la Baba Mkubwa halining'inizwi. Ukilining'iniza, kwale anaingiza shingo, ananyongeka, na unarudi kwenye aya ileile. Lake linalazwa chini, kwenye kijia ambacho kwale wanapita asubuhi kutoka kichakani kwenda kwenye mbaazi. Unachomeka vijiti vya miiba pande mbili, unabakisha mwanya wa shubiri moja. Katikati ya mwanya kuna kijiti kilichoegeshwa kwa ncha tu. Ndege akikikanyaga, ufito uliopindwa unafyatuka na mshipi unakaza mguuni. Ufito uwe mlegevu, usimtoe mguu. Mshipi uwe mwembamba, ule wa kuvulia samaki wadogo, kwa makusudi: paa akiingia, aukate aende zake. Na unatega baada ya magharibi na kwenda kuangalia mara tu baada ya sala ya alfajiri. Mtu anayetega akalala mpaka saa mbili, Baba Mkubwa hamwiti msasi, anamwita jina jingine ambalo siliandiki hapa.

Tulitega matanzi sita. Msumari aliyahesabu kwa sauti.

Kipupwe cha Muyuni alfajiri si cha kuchezea. Tulitoka na kanga za shangazi tumejitanda wote, wanaume kwa wanawake. Kabla hatujafika tanzi la kwanza Baba Mkubwa akainua mkono, tukaganda. Juu ya mti kulikuwa na kima punju wanakula, wanadondosha maua na majani, na chini yao paa nunga anaokota. Mwekundu wa kutu, mstari mweupe umepita matakoni, miguu ina madoa meupe kama mtu kapita kwenye chokaa. Hakutuona kwa muda mrefu. Nilisikia meno yake.

Alipoondoka binti yangu akanong'ona kama anawindwa. Zamani, Baba Mkubwa akasema, sasa hapana, sheria inakataza. Wengine walihamishiwa vijisiwa vya Chumbe na Mnemba wakazaane huko.

"Na wewe, Babu, umemla?"

"Nimekula wangu," akasema, "na nimekula na wenu."

Hakuongeza neno, tukaendelea kutembea.

Tanzi la kwanza tupu. La pili limefyatuka, tupu. La nne lilikuwa na kwale, kanasa mguu mmoja, anapiga mbawa na kutulia, anapiga na kutulia. Msumari, shujaa wa jana, akarudi nyuma yangu. Dada yake akasema, "Nipe mimi kisu."

Nilisita, niseme kweli. Shangazi yangu jikoni alikwisha sema jana yake kwamba mtoto wa kike hachinji, na mimi hilo nimekua nalo sikulihoji. Nikamtazama Baba Mkubwa. Akasema kijakazi wa Kaab bin Malik alimchinja mbuzi kwa jiwe, na Mtume akaamuru aliwe. Basi mtoto mwenye akili zake, na kisu kimenolewa, na kibla kinajulikana, kuna nini?

Akamwonesha: mbawa zikunje chini ya mguu wako taratibu, usimkanyage, kichwa kivute nyuma, koromeo na umio, vyote viwili, mkono mmoja usirudi rudi. Binti akasema Bismillahi kwa sauti ndogo mno. Mkono ulimtetemeka mpaka kisu kilipogusa, kisha haukutetemeka. Baadaye akamshika yule kwale mpaka akatulia kabisa, akauliza, "Sasa hivi anaona kitu?" Baba Mkubwa akajibu hapana. Sijui kama alikuwa na uhakika.

Kwale mmoja kwa watu sita ni mzaha. Shangazi alimkaanga kidogo, akamtia tui la nazi na ndimu, tukala na wali. Nyama ngumu, tamu. Binti alikula mchuzi tu, nyama akaisukuma kwa mdogo wake, naye Msumari akamaliza mapaja yote mawili huku akieleza jinsi alivyokuwa wa kwanza kumwona. Shangazi akamtazama binti, akampakulia wali tena bila kuulizwa. Kwake huko ni kuomba radhi.

Siku ya kuondoka Baba Mkubwa akatwambia tusitoke bila ya kung'oa matanzi yote. Tanzi likiachwa linaendelea kuwinda, halijui kama mwenyewe karudi Mjini. Tukang'oa matano. La sita hatukuliona. Tukarudi, tukapekua kijia chote, nikachanika ugoko kwenye tumbawe, gari ya saa nne ikapita tunaisikia honi. Baba Mkubwa mwenyewe akatoka na fimbo kutafuta, na magoti yale. Saa nzima. Mwishowe akasema labda nguruwe kalivuta, twendeni.

Tumekaa barabarani chini ya muembe, tunasubiri gari nyingine, ndipo Msumari akaingiza mkono mfukoni kutafuta peremende na mshipi ukachomoza. Alikuwa kalikunja vizuri kabisa, na kijiti chake.

"La nini hilo?"

Akatazama barabara.

"Kunguru wa kibarazani, Baba. Ananiibia mkate."