Fulana ya baba haiingii kwenye robota

Jumamosi iliyopita nilimwaga fulana zangu zote kitandani nikazihesabu: 41. Nahama Columbus, Ohio, naenda Houston kuanza kazi mpya. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,800, naendesha mwenyewe, na gari ni dogo. Sufuria na vitabu vimeshakula nafasi, nguo zimebakiwa na boksi moja.

Makoti ya baridi niliyagawa asubuhi ileile, maana baridi ya Houston si kali kama ya Ohio. Fulana ndizo zilizonikalisha mpaka usiku.

Za matangazo ya benki na kampuni za simu, nje. Ile ya kijani ya kampeni za 2005, yenye maneno "Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya", nilikuwa nalalia tu na kwapani imetoboka, nayo nje. Ya Taifa Stars nilirudisha kwenye boksi bila kujadili. Machi 2019 tuliifunga Uganda 3–0 tukafuzu Afcon baada ya miaka 39, na mimi nilikuwa huku, napiga kelele peke yangu chumbani mpaka jirani akaja kugonga mlango. Tukafika Misri, Kenya ikatufunga 3–2. Mechi hiyo niliitazama nimeivaa, nimezungukwa na Wakenya. Siitoi.

Halafu nikafika kwenye fulana ya msiba wa baba.

Ni nyeupe, kifuani picha yake ya kitambulisho iliyokuzwa, mgongoni jina na miaka yake. Alipofariki karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Ningeondoka nchini, nisingeruhusiwa kurudi. Mazishi ya Marangu niliyaona kwenye simu, picha ikikatika kila mara. Kaka aliivaa fulana hii siku ile, akashika koleo, na baadaye akampa mtu aliyekuwa anasafiri aniletee. Hakuifua, na mimi sijaifua. Kwenye pindo la chini, upande wa kulia, kuna alama ya vidole vitatu vya udongo mwekundu, pale alipojifutia mkono. Rangi ya picha imeanza kupasuka kuzunguka jicho la kushoto. Sijawahi kuivaa hata siku moja, kwa hiyo kwa hesabu za kuhama ndiyo ya kwanza kutolewa.

Lakini mimi nimekulia kwenye mitumba. Mama aliuza Karume, pale Ilala, mpaka soko lilipoungua Januari 2022 na meza yake ikaenda na moto. Likizo za shule nilikuwa naye anapofungua robota la kilo 45, namsaidia kuchambua: nzuri huku, za jero jero kule. Nikiwa darasa la sita alinitolea fulana ya kijivu yenye picha ya mzee mweusi mwenye miwani na kofia, chini yake 1931–1998. Maneno ya Kiingereza sikuyaelewa. Nilidhani ni mwanamuziki. Nilichezea mpira fulana ile mpaka ikachanika.

Miaka mingi baadaye, hapa Columbus, nilikwenda kwenye msiba wa mama wa mfanyakazi mwenzangu. Ukoo mzima ulikuwa umevaa fulana zenye picha ya marehemu, na miaka chini yake. Nilisimama pale mlangoni nikamkumbuka mzee wangu wa miwani. Alikuwa baba wa watu. Kuna mtu huku Marekani alihama nyumba, akaitia ile fulana kwenye mfuko wa kugawa, na nyuso za watu zikaingia kwenye kontena mpaka bandari ya Dar es Salaam.

Saa tano usiku kwangu, saa kumi na mbili asubuhi Dar, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hulali?"

Nikamweleza, nikamwonyesha rundo lililopo kitandani. Akauliza ya baba yako iko wapi. Nikaisogeza kwenye kamera. Alinyamaza kidogo.

"Hiyo usiitoe. Watu watakuja kuichakura mezani, hawamjui."

"Siitoi, mama."

"Na hizo unazogawa umezifua?"

"Bado."

"Zifue, na uzikaushe vizuri. Nguo moja mbichi inatia ukungu robota zima, na aliyelinunua robota lile kakopa hela."

Nikashuka na mifuko miwili mpaka kwenye mashine za kufulia za jengo. Zikafuliwa, zikazungushwa kwenye kikaushio mara mbili, nikawa nabana mishono ya kwapa kwa vidole kuhakikisha haina unyevu. Nilimaliza saa nane usiku: fulana 35, zimekunjwa mikono ndani, shingo juu, kama mama alivyokuwa anazipanga mezani Karume.