Mkanda wa Artà

Juzi binti yangu alikuwa anasugua jaba la maji ya kisima. Brashi ikagoma kwenye ule mstari mweupe pale maji yanapoishia. "Baba, hii imetoka wapi?" Nikamjibu ni chokaa tu, lakini akili ilishafika Mallorca, kisiwa cha Hispania, kwenye mapango ya Artà.

Nilikwenda na shemeji, enzi zile anatuma hela za kiwanja cha ufukweni Pangani na hana habari nyingine. Tiketi, ngazi, watalii na simu zao, nayaruka. Mwenyeji wetu, kijana anayesoma jiolojia, alimulika stalaktiti moja, jiwe linaloning'inia kutoka darini mwa pango. Imeshuka kutoka juu nyembamba, katikati ikanenepa ghafla, ikajifunga mkanda wa mawe uliovimba pande zote, kisha chini ikaendelea na wembamba wake. Ya jirani nayo ina mkanda, usawa uleule. Na ya tatu. Ungefunga uzi toka moja hadi nyingine, usingepinda.

Bahari ndiyo iliyopima. Kidimbwi cha pango la pwani hupanda na kushuka pamoja nayo. Juu ya uso wa maji kaboni dioksidi hutoka, madini yakaganda kwenye kila kinachogusa pale. Na Mediterania haina kujaa na kupwa kwa maana kama kwetu, ndiyo maana alama haitawanyiki. Umri wa mkanda unasomwa kwa urani iliyonaswa humo, inayogeuka taratibu kuwa madini ya risasi.

"Sasa bahari yenyewe iko wapi?" shemeji akauliza.

"Chini yetu, zaidi ya mita 20."

Sehemu ya hizo ni kisiwa chenyewe kuinuka. Watafiti waliipunguza, na mwaka 2019 wakaandika kwamba miaka milioni 3.26 iliyopita, dunia ikiwa na joto kuliko sasa, bahari ilikuwa juu ya ilipo leo kwa takriban mita 16.

Shemeji akashika ukuta. "Mita 16? Pangani nzima hiyo, na nyumba ya mama." Akaleta habari za kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na mivinje na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Nikasema wengine wanalaumu ukataji miti. Hakutaka kusikia.

Hapo nje tu akampigia fundi, kuuliza kiwanja kina mwinuko gani.

Alikinunua hata hivyo. Ramani ilikuwa ya nyumba ya chini, akaongeza ghorofa. Anasema ni kwa ajili ya upepo.