Nilivyovunja boriti ya barafu kwa msaada wa upawa

Huku kwetu Pemba nikisema nilisomea uhandisi wa barafu, watu hucheka kwanza, halafu huuliza kama unalipa. Unalipa. Ila leo nina hamu ya kueleza habari ya boriti, maana ushauri niliopewa ulikuwa wa ovyo na bado unanikera.

Nilikuwa Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo nyuzi 78 kaskazini. Katika mji wa Longyearbyen kuna UNIS, kituo cha chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1993, na wahandisi wake wamekuwa wakienda kupima barafu katika ghuba ya Van Mijenfjorden. Kisiwa cha Akseløya kimeuziba karibu mdomo wote wa ghuba hiyo, kwa hiyo barafu ya ndani hutulia. Huko ndani, Kapp Amsterdam, palikuwa na gati la kupakilia makaa ya mawe ya mgodi wa Svea, na nguzo zake zilikuwa darasa tosha. Maji yakijaa hulowesha chuma kilichopoa, yakipwa kile kilicholowa kinaganda, na mchezo unaendelea hivyo mpaka kila nguzo inavaa kilemba cha barafu. Maji yakirudi, kilemba kinataka kuelea na nguzo yake. Yakitoka, kinaning'inia kwa uzito wote. Wenzangu walikuwa wakilifafanua jambo hili kwa michoro. Mimi kujaa na kupwa nimezaliwa nako, bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo, nayajua kwa kuangalia mwezi tu. Wao walifungua kompyuta kila asubuhi, mimi nilitazama juu nikawaambia siku ya kufanya kazi. Nikachagua maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvua barafu ya karibu na pwani hupasuka na maji hupanda juu yake. Walinuna kidogo, wakakubali.

Sasa boriti, kipande kirefu cha barafu tunachokivunja ili kupima barafu inahimili kupindwa kiasi gani. Unakata barafu pande tatu, upande wa nne unauacha umeshikana na barafu nyingine. Yetu ilikuwa na unene wa kama sentimita 60, basi boriti ukiikata iwe na urefu wa mita nne na nusu hivi. Kisha unaiinua ncha yake kwa jeki huku kipima mzigo kikisoma, mpaka ivunjike.

Jamaa mmoja, mgeni pale kama mimi lakini mwenye ndevu za kujiamini, akashauri tukate boriti zote asubuhi, tunywe chai, kisha tuvunje. Tukakata. Tukanywa chai, na chai yenyewe ilikuwa nzuri. Kurudi, tunapandisha jeki: namba zinapanda, boriti haitikisiki. Tunaongeza. Fremu ya chuma ikaanza kulia, miguu yake ikazama kwenye theluji, na bwana wa ndevu akatangaza kwamba tumegundua barafu ngumu kuliko zote. Nikapiga goti nikachungulia mfereji. Ulikuwa umejaa uji wa barafu uliotokana na msumeno, nao umeganda kama saruji! Tulikuwa tunajaribu kuinua ghuba nzima.

Jioni nikaenda jikoni nikaazima upawa wenye matundu, ule wa kutolea maandazi kwenye mafuta. Kesho yake mmoja anakata, mimi nafuata nyuma nachota uji, maji yanachuruzika, mfereji unabaki mweusi wazi. Ukishakata moja, vunja hiyo hiyo. Ikakatika pale shinani, safi, kwa mzigo wa kilo mia mbili na kitu. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wetu dhidi ya dubu akageuka na bunduki yake.

Ile namba ndogo msiidharau. Kipande hicho hicho cha barafu ukitaka kukisaga uso kwa uso dhidi ya ukuta wima, utahitaji tani thelathini na zaidi. Barafu ni kali ikibanwa, dhaifu ikipindwa. Ndiyo maana Daraja la Confederation la Kanada, kilomita 12.9, lililofunguliwa 1997, nguzo zake zina umbo la pia pale kwenye usawa wa maji: barafu inapanda mteremko, inapindika, inakatika.

Mengine: kwenye mnyororo wa msumeno tumia mafuta ya kupikia, yasiyochafua bahari. Betri weka kifuani ndani ya nguo, nje zinakufa. Soksi za sufu nilinunua za mtumba, kroni mia na ushei, zimeshinda buti la maelfu. Sampuli ukiitoa, toboa upime joto papo hapo kabla ya kupiga picha, kwa sababu joto lake linaanza kubadilika mara moja, na maji yake ya chumvi yanaanza kuvuja.

Na wewe unayetaka kugandisha maji ya bomba kwenye friza hapo Dar uniletee matokeo: barafu ya bahari ina vijishimo vya maji chumvi ndani yake, na hivyo ndivyo vinavyoidhoofisha. Ya friza lako haina hata kimoja.