Taa za Krismasi za sola, juu ya jabali la Igogo

Nyumba tunayopanga Igogo, Mwanza, ina wapangaji wanne na mita moja ya umeme ya LUKU. Kila tunapochanga, hakosekani anayehesabu taa za mwenzake. Kwa hiyo wanangu walipoomba taa za Krismasi, niliwaambia tutanunua za sola, zisizomgusa mtu mfukoni. Nilizipata Makoroboi, vitaa 100 kwenye waya mmoja, vya rangi ya njano. Vyeupe vinang'aa zaidi lakini vinaita mno wadudu wa ziwani. Nilikuwa na nia moja tu: tukirudi kutoka misa ya mkesha, tuzikute bado zinawaka.

Paneli nikaifunga kwenye nguzo ya baraza, ikitazama ziwa. Palipendeza, ila jua halikufika vizuri. Asubuhi jabali la nyuma ya nyumba linatufunika mpaka saa nne, mchana bati la baraza nalo linatia kivuli. Jioni taa ziliwaka, watoto wakashangilia, kufika saa tatu giza. Kesho yake vivyo hivyo.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni mvuvi wa dagaa. Siku hizo mbalamwezi ilikuwa kubwa, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Mwezi uking'aa, dagaa hawafuati taa ya mvuvi. Zamani walikesha na karabai, sasa wengi wanatumia taa za sola, na kuzichaji ni kazi yake ya kila siku. Akapitisha kidole juu ya paneli yangu, akabandua nailoni nyembamba ya dukani ambayo sikuwa hata nimeiona. Kisha akapanda nayo juu ya jabali.

"Ielekee Nyegezi, shemeji, siyo Kirumba."

Alikuwa sahihi: Nyegezi iko kusini kwetu, Kirumba kaskazini. Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa Ikweta, na Desemba jua limeshatuvuka, linapita upande wa kusini. Tukaiinamisha kidogo tu upande huo, vumbi nalo likawa linateremka na mvua za vuli.

Jioni hiyo hazikuwaka kabisa. Nilibonyeza kitufe mpaka nikakata tamaa, nikajua nimeziua kwa kuzihamisha. Shemeji akasema, "Hebu lete kanga." Akaifunika paneli, na baraza lote likawaka! Paneli ndiyo jicho la taa hizi: isipopata mwanga, inajua usiku umeingia, inawasha. Kule juu ilikuwa inamulikwa na taa ya ulinzi ya jirani, ikadhani bado mchana. Tukaisogeza hatua chache tu, jabali likaikinga na ile taa.

Kutundika hakukuwa na shida. Sikutumia misumari, maana inatoboa waya. Nilifunga kwa nyuzi za nyavu kuukuu kuanzia mlangoni mpaka kwenye mwembe. Kiboksi cha betri tulikiinamisha mdomo chini maji yasiingie.

Tarehe 24 ilinyesha tangu asubuhi, mawingu yakakaa siku nzima. Nilijua chaji ni ndogo, nikaziweka ziwake na kuzima badala ya kuwaka mfululizo, kwa sababu hivyo zinakula umeme kidogo. Tulirudi kutoka kanisani inakaribia saa sita. Kona ya mwisho ya ngazi za mawe, mwanangu wa mwisho akauachia mkono wangu akaanza kukimbia. Zilikuwa zinawaka. Nilisimama pale pale na kanga yangu imelowa, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Januari nilizishusha, nikaviringisha waya kwenye kipande cha boksi na kuitoa betri. Ni ya kuchaji, saizi ya AA, volti 1.2. Ikichoka nitanunua ya aina hiyo hiyo, kwa sababu betri za kawaida za redio hazichajiwi, zinaweza kuvuja na kuharibu kiboksi chote.