Subaru yangu, mihogo ya watu na breki zilizochemka

Nilichelewa kuandika haya kwa sababu nilitaka kwanza nimalize mbio za siku moja nzima bila ya kumwomba radhi mwenye shamba. Gari yangu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imetumika, na kila aliyeitazama pale Mwanakwerekwe, Unguja, alikuwa na ushauri wake. Mmoja alinitaka niongeze presha ya tabo, ile inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, mwengine akashikilia kwamba niinyanyue juu kama gari za mashindano ya vumbi ya Bara, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari hiyo itasimama vipi.

Kikundi chetu kidogo hukimbia Pemba, kwani Unguja ni tambarare mno, ilhali Pemba ni vilima na mabonde, na kona hazikupi nafasi ya kupumua. Kwa kibali hufungiwa kipande cha lami cha kilomita nne na kitu asubuhi moja, askari na sheha wakisimama huku na huku, na gari hutoka moja moja kushindana na saa. Msimu wa karafuu hatuendi kabisa, kwa kuwa ukingo wa barabara wakati ule ni wa majamvi ya watu wanaoanika.

Mara yangu ya kwanza, mizunguko miwili ilikwenda vizuri hata nikaanza kujisifu. Mzunguko wa tatu, kwenye mteremko unaoishia kona ya kushoto, nilikanyaga breki na pedali ikaenda chini laini kama nimekanyaga godoro. Nikapampu mara mbili, nikashusha gia, kona ikanipita upande wangu wa kushoto nikiitazama, na gari ikaingia katika mihogo ya watu na kusimama katikati ya matuta yake. Bibi mmoja alitoka na jembe, akaizunguka gari yote bila ya haraka, kisha akaniuliza, "Mwanangu, njia umeiacha wapi?" Nilimlipa mihogo yake, na nadhani nilimlipa na ya mwakani.

Baada ya nusu saa pedali ilirudi ngumu kama kwamba hakikutokea kitu. Fundi akasema masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, imekufa, tukabadilisha. Tulipokwenda kujaribu tena, mzunguko wa tatu, godoro lile lile. Akasema basi ni pedi, tukabadilisha na pedi, na godoro likabaki. Nilikwisha kutoa pesa nyingi kuliko nilizomwambia mke wangu.

Jibu lilikuwa juu ya kabati la gereji. Siku ya kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kwa mara ya tatu, nilimwona fundi akinyoosha mkono kuchukua chupa ya mafuta ya breki iliyozibwa kwa kitambaa, kifuniko chake kimepotea siku nyingi, na ndiyo chupa aliyojazia masta silinda mpya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya kwetu haina upungufu wa unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, kwa hiyo mguu wako unaishia kubana mapovu badala ya kusukuma pedi. Gari ikipoa mapovu hupotea, na fundi anakuona wewe muongo.

Wale wa ushauri wa vumbi hawajui kwamba lami huishika tairi zaidi, na kwa hivyo mtu hufunga breki kwa kuchelewa na kwa nguvu zaidi. Nilipiga hesabu: kuisimamisha gari ya kilo 1,250 kutoka mwendo wa kilomita 120 kwa saa hutoa joto la kuchemsha birika la maji ya lita mbili. Mimi nilikuwa nachemsha birika kila kona kubwa.

Nilinunua mafuta ya DOT 4 katika chupa zilizofungwa, ambayo yakiwa mapya huanza kuchemka kuanzia nyuzi 230, na mpwa wangu akakaa kwenye pedali nami chini ya gari nikipiga kelele "Kanyaga! Shika! Achia!" mpaka yakaacha kutoka mafuta ya rangi ya kahawa na yakatoka meupe. Kilichobaki kwenye chupa nilikitupa, ingawa roho iliniuma.

Kisha nikawaendea watu wa boti kutafuta mpira wa kunyonyea maji, ule wa inchi 3 wenye waya wa mzunguko ndani. Nikang'oa taa za ukungu, nikaupitisha mpira kutoka kwenye matundu yake hadi kwenye diski za mbele, vile visahani vinavyobanwa na pedi, ili upepo wa njiani uzipoze. Wa kwanza niliusogeza karibu kwa tamaa, ukayeyuka, na harufu yake ilikaa ndani ya gari wiki nzima. Wa pili niliukomesha shubiri moja kabla ya diski na kuuelekeza katikati yake, kwani diski yenye nafasi ndani huvuta hewa katikati na kuitupa nje. Vyote hivyo, ukitoa mihogo, havikufika laki nne.

Upepo wa tairi nao naupima kwa chaki ya skuli: nachora mistari kwenye bega la tairi, na ikifutika hadi ubavuni naongeza upepo. Na ukimaliza mzunguko usivute breki ya mkono, bali endesha polepole kilomita moja breki zipoe, ndipo uegeshe.

Safari iliyopita nilikimbia mizunguko mitano, na wa tano ulikuwa wa kasi kuliko wa tatu kwa sekunde mbili. Nilishika nafasi ya nne kati ya gari tisa, nyuma ya Toyota Altezza isiyokuwa hata na tabo. Bibi alikuwa amekaa kibarazani, na nilipopita mara ya mwisho alinipungia jembe.