Siku yangu moja na ripoti za tovuti, Moshi

Saa 1:15 asubuhi. Daladala imejaa, mlima umejifunika wingu. Kazi yangu ni tovuti ya kampuni ndogo inayopandisha wageni Kilimanjaro.

Saa 2:00. Bosi ana swali moja: mbona ukurasa wa njia ya Marangu unafunguliwa kila siku, ila maombi ya safari ni machache? Nafungua Google Analytics, chombo kinachohesabu wanaotembelea tovuti na wanachofanya humo. Jumla inapendeza, lakini humo ndani yumo Mjerumani anayepanga likizo, yumo mwanafunzi wa Dar, na tumo sisi wa ofisini tunaokagua picha zetu.

Saa 2:40. Naanza kwa kututoa sisi. Anwani ya IP ya ofisi, yaani namba inayotambulisha intaneti yetu, nilishaiandikisha, na kichujio cha kutuondoa kwenye hesabu kiko kwenye majaribio. Hapa sina haraka hata kidogo. Kichujio cha data kikiwashwa, kinachochujwa hakihifadhiwi tena, na ya jana hakiyasafishi. Kichujio cha ndani ya ripoti ni kitu kingine: unakiweka, unakitoa, data iko palepale. Nahakikisha mara mbili, ndipo nawasha.

Saa 4:00. Natengeneza ripoti yangu. Ukurasa wa kuingilia uwe na neno "marangu", nchi Tanzania, kifaa simu. Chai inapoa pembeni. Mtu akifika asilimia 90 ya ukurasa, Analytics huandika tukio la kuskroli, yaani kwamba ameushusha ukurasa, na Watanzania wanafika. Wanasoma habari za vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo mpaka chini kabisa. Fomu hajatuma hata mmoja. Nabadilisha nchi tu, naweka Ujerumani: wanatuma.

Saa 6:00 mchana. Nachukua simu yangu, najaza fomu kama mteja. Bei zote ni za dola. Tozo ya hifadhi tuliyoandika ni ya mgeni wa nje, wakati Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana. Halafu fomu inalazimisha namba ya pasipoti. Mama wa Kibosho mwenye kitambulisho cha NIDA aandike nini pale? Imeniuma. Mlima ni wa kwao.

Saa 8:00. Namwonyesha mwongoza wageni wetu mmoja. Anashangaa. "Dada, mbona mimi napigiwa kila wiki? 'Kaka, bei ya Mbongo ngapi?' Nilidhani namba wameipata mtaani."

Namba yake iko chini kabisa ya ukurasa.

Kumbe hawakuwa wanaondoka. Walikuwa wanapiga simu, na kubofya namba ya simu hakuhesabiwi mpaka ukutengenezee tukio lake. Bila yeye, leo ningemwandikia bosi kwamba Watanzania hawana nia ya kupanda.

Saa 9:00 hadi 11:00. Pasipoti si lazima tena. Bei ya shilingi imeingia, kwa Kiswahili. Tukio la simu nimelitengeneza na kulijaribu. Ripoti nimeihifadhi, data mpya huweza kuchukua saa 24 hadi 48 kutulia, kwa hiyo kesho sitaigusa.

Saa 1:30 usiku. Mwongozaji anapiga: kuna kikundi kinataka kupanda kuadhimisha Uhuru, Desemba 9, niwatumie linki. Linki tupu ya WhatsApp mara nyingi huhesabiwa kama mtu aliyekuja mwenyewe moja kwa moja. Naongeza utm_source=whatsapp na utm_medium=ujumbe mwishoni, alama za kuijulisha Analytics wametoka wapi, naifungua kwanza kwenye simu yangu, bei ya shilingi inaonekana. Natuma.